Aliyepotea Mchana Kweupe: Miaka Thelathini na Mmoja ya Noelene Tregenza

Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba, Noelene Tregenza anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Maji la Kurrabin kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Muda wote huo kazi yake ilikuwa moja: kusoma mita za maji kwa pikipiki, kuanzia mitaa ya mjini hadi mashamba ya mwisho kabisa ya Barabara ya Tarrow. Mimi, Colm Haddrick, nimekaa naye meza moja miaka kumi na tisa, ndiyo maana nimeombwa niandike. Nimekubali, ingawa jambo kubwa kuliko yote lililompata kazini mpaka leo silielewi vizuri.

Nianze na ninayoyaelewa. Alikuja kwetu akitokea jikoni, alikokuwa akiwapikia wakata manyoya ya kondoo, na alituambia wazi kwamba mita ni afadhali kwa sababu hazilalamikii chumvi. Mbwa wote wa wilaya aliwajua kwa majina. Mbwa wa akina Pohlner alimfuata siku moja mashamba matatu, tukapigiwa simu kuulizwa kama shirika limeanza kuajiri mbwa.

Usalama barabarani kwake haukuwa mzaha. Kila mgeni wa idara alifundishwa kuwasha taa hata saa sita mchana, kuvaa kizibao cha manjano chenye reflekta, na kutokaa ubavuni mwa lori. "Kama huoni uso wake kwenye kioo, jua na yeye hakuoni," alikuwa akisema. Waendesha baiskeli wa Jumamosi nao hawakusalimika. Aliwasimamisha katikati ya barabara: "Nyinyi, pangeni mstari! Mnakwenda kama mnasindikiza arusi!"

Sasa fikirieni mtu huyo ndiye aliyegongwa.

Ilikuwa Septemba, miaka saba iliyopita, saa nne asubuhi, hakuna wingu. Noelene alikuwa anakaribia makutano ya Tarrow na njia ya maghala ya nafaka. Darrell Quist, mkulima wa shayiri, alisimamisha lori lake kwenye alama ya kusimama, akatazama, akaingia barabarani. Noelene alivunjika mguu mahali pawili, na mtulinga pia.

"Alinitazama machoni kabisa," Noelene aliwaambia polisi, "halafu akaja."

"Nilitazama," alisema Darrell. "Nikatazama tena. Barabara ilikuwa tupu."

Wote wawili tulikuwa tunawajua kuwa watu wa kweli. Mji ukagawanyika. Kwenye duka la mikate watu waliobishana juu ya jambo hilo waliacha kusalimiana. Darrell aliacha kuendesha, akawa anapelekwa na mkewe, Ilse, huku polisi wakitafakari kama wamshtaki.

Kilichoniumiza zaidi ni simu ya Noelene kutoka hospitali.

"Colm, kizibao nilikuwa nimekivaa kweli?"

"Ulikivaa. Wauguzi walikikata, ninacho hapa kwenye mfuko."

"Na taa?"

"Ilikuwa inawaka hata pikipiki ikiwa chini."

"Basi alinitazamaje asinione?"

Mwanamke aliyetufundisha sote alikuwa ameanza kujitilia shaka.

Wiki ya tatu, akiwa na magongo, alimpigia Darrell simu mwenyewe, akamwomba ampeleke pale pale, kwa lori lile lile. Ilse aliendesha, na walipofika Noelene akapandishwa kwenye kiti cha dereva. Mimi niliambiwa nitangulie, nivae kizibao kipya, nisimame pembeni mwa lami hatua mia kutoka kwenye makutano. Nilitii bila kujua kinachoendelea.

Simu ikalia. "Colm, uko wapi?"

"Niko hapa barabarani."

"Barabara gani?"

"Hii hii! Si mnanitazama?" Nikapunga mikono.

"Acha utani. Toka kwenye shamba la watu."

"Sijaingia shamba la mtu, Noelene!"

Kisha akasema taratibu, "Hebu vua kizibao."

Nikavua, nikabaki na shati la buluu. Nilimsikia Darrell: "Mungu wangu, huyu ametokea wapi?" Kisha nikasikia mwanamume mzima analia.

Niligeuka. Nyuma yangu barabara inapinda, na mlima wote ulikuwa kanola, ule mmea wa mafuta unaolimwa sana huku kwetu, umechanua manjano tupu. Nilikishika kile kizibao mbele ya maua. Ilikuwa rangi moja.

Lakini taa je? Hapo ndipo tulipozidi kuchanganyikiwa. Kesho yake nilipitisha pikipiki nyingine, taa ikiwaka, huku Ilse akilisogeza lori taratibu, na mara mbili kati ya tano ilipotea nyuma ya nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele cha lori kwa sababu lori na pikipiki zilisogea pamoja. Mara tatu ilionekana. Je, siku ile ilikuwa rangi, au nguzo, au vyote viwili? Hakuna anayejua.

Noelene aliwaeleza polisi alichokiona kutoka kwenye kiti cha dereva, na kesi haikufunguliwa. Kisha aliiandikia bodi akitaka vizibao vya pinki Agosti hadi Oktoba. Bodi ilijibu kwamba manjano ndiyo rangi ya usalama. Akawaalika makutanoni. Wajumbe watatu walikaa ndani ya lori wakinitafuta, na walinipata tu kwa sababu maua yalinipigisha chafya nikainama. Pinki ikapita siku hiyo hiyo.

Wiki ya kwanza ya kuvaa pinki alitaniwa sana.

"Noelene, disko liko wapi leo?"

"Umeniona?"

"Nitaachaje kukuona na hilo vazi!"

"Basi nenda zako."

Siku hizi waendesha baiskeli nao huvaa pinki msimu ukifika, na madereva hapa wamezoea kusogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuingia barabarani, ili nguzo isiwafiche mtu. Kwa misimu saba hakuna aliyeumia pale. Juzi nilimuuliza Noelene kama ni rangi iliyotuokoa.

"Sijui, Colm. Labda ni rangi. Labda watu wanaiogopa tu ile kona. Andika kwamba sijui."

Nimeandika.

Bi Noelene, asante kwa kila mita uliyoisoma, na zaidi kwa kukubali kwenda kukaa kwenye kiti cha mtu aliyekuumiza ili utazame kwa macho yake. Tunakuombea afya, mguu usiokusumbua siku za baridi, na asubuhi nyingi za kunywa chai bila kutazama saa pamoja na dada yako Avis.

Baada ya sherehe Noelene atahitaji kurudishwa nyumbani. Nilitaka kumpeleka mimi, nikaambiwa nafasi imeshachukuliwa. Darrell Quist ameomba aendeshe yeye, na Noelene amekubali, kwa sharti moja: wapitie njia ya makutano.