Historia ya Fundi Pancha, Mwenye Kopo la Misumari

Ndugu waombolezaji, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye huyu mnayemwona mbele yenu, na ambaye hivi punde ameshika kipaza sauti akawaomba mumpigie makofi bwana harusi, anaomba radhi kwa ukoo mzima, kwani kazi ya kusherehesha imemharibia ulimi, na shangazi amekwisha kumjibu kutoka kiti cha mbele, "Wewe, huyu amekufa!", nasi tunaendelea.

Kaka yetu, aliyejulikana kwa wengi kama Fundi Pancha, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, akiwa kifungua mimba wa dereva wa lori na mshonaji, akafuatiwa na huyu mdogo wake, na mama alizoea kusema kwamba wa kwanza alikuja na akili, wa pili akaja kuulizia kama zimebaki.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982 akaingia sekondari, lakini tarehe 2 Mei 1984 baba alipofariki ajalini, aliweka daftari chini akaenda kushika spana ili mdogo wake asome, na mdogo mwenyewe akaitumia elimu hiyo kuzunguka nchi za watu, akipika melini na kuuza kofia stesheni, akirudi kila mara na sanduku jepesi na maneno mazito.

Mwaka 1993 marehemu alifungua kibanda chake cha matairi, chenye kompresa moja, beseni la maji lililopondeka ukingo, na kopo la maziwa ya unga alimotupia kila msumari aliouchomoa, kwani wateja wana tabia moja, tairi likitoboka hawaulizi litazibwa lini, wanauliza msumari wameuokota wapi, nani kaumwaga, na kama si yule jirani seremala, naye marehemu hakuwajibu, alizamisha tiubu majini, akangoja mapovu, akabandika kiraka, na msumari ukalia ndani ya kopo.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na muuza vitambaa wa mtaa wa pili, ambaye baiskeli yake ilipata pancha nyingi kuliko barabara ile ilivyostahili, wakajaliwa binti mwaka 1999, ambaye sasa ni mwalimu, na kijana mwaka 2003, aliyerithi kompresa na ukimya wa baba yake.

Mwaka 2017 figo zake zilianza kuchoka, akapelekwa kusafishwa damu hadi mishipa ya mkono ikawa migumu kama kamba, na tarehe 9 Februari 2023 mkewe akalala kwenye kitanda cha pili akampa figo yake moja, wala hakuitangaza, alisema tu kwamba alikuwa nazo mbili. Ili mwili usiikatae figo hiyo, ilibidi apewe dawa za kupunguza nguvu ya kinga, na dawa nyingine ya kumlinda kifua ilimtoa vipele mwili mzima, ikasimamishwa, na ilipofika Agosti 2024 mtu aliyezoea kujaza upepo magari ya watu alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kushika ukuta.

Daktari alituambia ni fangasi wa mapafu, na huyu mdogo wake, aliyefika nchi nyingi lakini fangasi anayemfahamu ni wa vidole vya miguu, aliuliza kama mgonjwa avuliwe soksi, akatazamwa kwa huruma. Kisha daktari akaeleza kwamba fangasi huyu huishi kimya katika vifua vya baadhi ya watu wazima wenye afya njema, hawakohoi, hawana homa, wala hawajijui, naye hupita katika pumzi, na mwenye kinga hamdhuru, bali asiyekuwa nayo humzamisha.

Maneno hayo ndiyo yaliyotuvunja. Shangazi, ambaye alitulea, na ambaye uchungu wake ulikuwa unatafuta pa kukaa, alisema, "Basi mzima aliyelala naye chumba kimoja anajulikana," mke akaomba apimwe, akapimwa, na chembe za fangasi huyo zikaonekana kwake, shangazi akasema tena, "Kampa figo kwa mkono huu, kampa kifo kwa mkono ule," na ingawa daktari alisema, "Mama, kumkuta naye si kusema ndiye aliyempa, hata mimi sijapimwa," hakuna aliyemsikia daktari. Toka siku hiyo mke hakuingia tena chumba cha mgonjwa hospitalini, akawa anasimama nje ya kioo, akishusha pumzi kama mtu anayeiiba.

Tarehe 20 Septemba shangazi aliinama kitandani akamuuliza marehemu mbele yetu sote, "Mwanangu, tuambie, ni nani aliyekuletea?", naye akasogeza barakoa ya hewa, akatoa jibu ambalo msomaji wa historia hii ameliweka mwisho, akaagiza mkewe aitwe, na tarehe 21 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akafariki, kiganja chake kikiwa ndani ya kiganja cha mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kutudanganya, majirani mliokesha na kutupikia, na mafundi wenzake mliofunga vibanda barabara nzima, hata mwenye pancha leo atembee kwa miguu.

Mjane wa marehemu tangu juzi amekaa peke yake kwenye benchi la mlangoni, kitambaa usoni, na viti vitatu pembeni yake havina mtu, ingawa watu wamesimama, nasi sote humu tunavuta hewa moja, na nani amebeba nini hakuna anayejua. Yeye ndiye atakayetangulia nyuma ya jeneza, na anayeona haifai, basi asikie neno la marehemu mwenyewe, ambaye tunamwombea amani katika mapumziko yake, kwani hivi ndivyo alivyomjibu shangazi:

"Pancha imeshaingia. Msumari mnautafutia nini?"