Kucha Zisizo na Rangi

Ndani ya basi, mshonaji alitega sikio mpaka kituo chake kikapita. Mbele yake, mama mmoja alikuwa akimsifia bintiye kwa abiria wa pembeni, fundi viatu.

"Siku hizi anafua mwenyewe, na chumba kinanukia marashi! Ila mafua hayamwishi, vipele vimemzunguka mdomo. Na dawa ya kufutia rangi ya kucha, anamaliza chupa kila wiki."

"Kucha zake zina rangi gani, dada?" fundi akauliza.

"Hazina rangi," mama akajibu. Mshonaji mwili ukamsisimka: mtu amemsoma mtoto asiyewahi kumwona!

"Anaivuta hiyo dawa puani ili alewe. Wenzangu walivuta gundi, nawajua. Ukimkuta nayo usimfokee. Akishtuka, moyo unaweza kusimama."

Basi liliposimama, mama alishuka mbio. Ghafla akapunguza mwendo, kana kwamba binti angezisikia hatua zake.