Kalamu Nene ya Babu Sedekia

GLORIA: Kitendawili!

BIBI LUSIA: Haloo? Ni nani? Ni nani huyo anategea watu hata salamu hajatoa?

GLORIA: Mimi, Bibi. Gloria, mjukuu wako wa Mbeya. Kitendawili!

BIBI LUSIA: Subiri nitoke nje, humu ndani mtandao unakwaruza kama kuku kwenye pumba. Haya, tega.

GLORIA: Ana mdomo uliopasuka katikati, anakunywa bila kiu, na akisema hatoi sauti.

BIBI LUSIA: Mdomo umepasuka... Sungura!

GLORIA: Sungura hanywi wino, Bibi.

BIBI LUSIA: [anacheka] Umejifichua mwenyewe! Kalamu. Ile ya kuvuta wino, kama ya marehemu babu yako.

GLORIA: Hiyohiyo. Haya, salamu sasa: kamwene, Bibi.

BIBI LUSIA: Kamwene, mama. Huko Soweto ya Mbeya hamjambo? Ipyana wako mzima? Au ndo umeshakuwa mtu wa ndaga fijo, Kinyakyusa kitupu, Kihehe kimekutoka?

GLORIA: Mzima, ananicheka tu. Toka asubuhi naandika kadi za harusi yetu kwa hiyo kalamu uliyonipa, vidole vimekufa ganzi. Nene kama gunzi! Babu aliwezaje?

BIBI LUSIA: Si kile kidole gumba chake kilipondwa na gogo? Peni nyembamba zilikuwa zinamponyoka. Padre mmoja wa Tosamaganga akamwonea huruma, akampa hilo dude. Nikamwambia, Sedekia, hiyo si kalamu, huo mchi. Mimi na darasa langu la nne nataka kapenseli kafupi, kanaishia ndani ya ngumi.

GLORIA: Mimi nataka nyembamba, ya kuchomeka kwenye nywele. Na Baba je?

BIBI LUSIA: Ombeni? Nyembamba kabisa! Peni ya dukani, halafu anaitafuna huku nyuma mpaka— Kwani nini?

GLORIA: Hii nene hakuwahi kuishika?

BIBI LUSIA: Hata siku moja. Alisema inamtia aibu. Gloria, unauliza nini?

GLORIA: Nimeiosha kwa maji mara tatu, Bibi. Nikavuta wino wa bluu, mpya, nimenunua jana. Inatoa zambarau. Wino wa Babu.

BIBI LUSIA: Mabaki hayo. Wino ukikauka humo ndani unalala tu. Ukipata maji unaamka.

GLORIA: Basi umeamka vibaya. Nimeandika kadi ya Baba, ile ya kumpelekea Jumamosi tukienda kumtafuta Chunya, maana waliovukia Msumbiji kama yeye wengi wamerudi. Nibu, ule mdomo wake, ufa wake umeachana. Ikishuka inaacha mstari mweupe katikati ya herufi, kama njia ya mchwa. Na hiyo njia nimeshaiona mahali pengine.

BIBI LUSIA: Haloo? Gloria? Siku— sikusikii.

GLORIA: Unanisikia. Nimefungua kibati changu cha barua. Barua zote kumi na moja za Baba, kutoka machimboni. Zote zina huo mstari mweupe.

[mtandao unakwaruza]

BIBI LUSIA: Labda baba yako alikuwa anasema, babu yako anaandika. Watu wa machimboni mikono yao—

GLORIA: Baba Chunya, Babu kijijini. Alikuwa anamsemea wapi?

BIBI LUSIA: Kwenye simu.

GLORIA: Simu ipi, Bibi? Mlisema machimboni hakuna mtandao, ndo maana anatuma barua.

BIBI LUSIA: Umekula leo?

GLORIA: Bibi. Baba yuko wapi?

BIBI LUSIA: Huku mvua imefunga, nina mahindi kwenye turubai, ngoja niyaa—

GLORIA: Usikate! Nimeshamwambia padre Baba ndiye atanishika mkono kuniingiza kanisani. Wajomba wa Ipyana wanauliza kila siku, mzee atakuja? Nawaambia atakuja. Naenda kumtafuta mtu, au naenda kujidhalilisha? Niambie.

[turubai linavutwa]

GLORIA: Na kuna kingine. Nilipoliandika jina lake, mkono ulirudi nyuma wenyewe. Ukaweka kamsalaba mbele ya jina. Sikutaka, Bibi. Yaani nilikuwa nautazama.

BIBI LUSIA: Yesu wangu.

GLORIA: Nikazitazama barua. Mwisho wa kila moja, kabla ya "Ombeni", kuna kamsalaba hako hako. Utoto wangu wote nilijua Baba mtu wa sala. Nikajivunia! Halafu nikakumbuka Jumapili, nimemshikia Babu kichupa cha wino, anaandika daftari la mazishi la kigango. Kwenye madaftari mengine, wabatizwa hakuwawekea kamsalaba. Wa ndoa hakuwawekea.

BIBI LUSIA: Waliokufa tu.

GLORIA: Waliokufa tu.

BIBI LUSIA: [anapumua] Miaka thelathini ya ukatekista. Mkono ulishazoea. Ile barua ya kwanza nilimwambia, Sedekia, umeweka msalaba, mtoto ataona. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akasema, basi andika wewe, Lusia. Nikaishika. Ikanishinda, nene, inazunguka tu vidoleni, nikaangusha doa.

GLORIA: Lile doa kubwa. Nilidhani chozi la Baba.

BIBI LUSIA: Langu.

GLORIA: Kwa nini, Bibi? Barua kumi na moja!

BIBI LUSIA: Ulikuwa na miaka saba. Mama yako ndo ametoka kuzikwa, ukapelekwa hapo Mbeya kwa mama yako mdogo upumzike. Huku nyuma shimo la dhahabu likamfunika Ombeni, wakamtoa keshakufa. Ukarudi mifupa mitupu, umegoma kula. Ukasema, nitakula barua ya Baba ikija. Basi ikaja. Ukala ugali, ukaomba na wa pili. Sasa ya pili ungeiachaje?

GLORIA: Na kijiji kizima—

BIBI LUSIA: Katekista aliomba. Walifunga mdomo. Ulipoingia sekondari tukasema amevukia Msumbiji, ili mkono wa mzee upumzike. Haukupumzika. Hata siku ya mwisho hospitali, kidole kinaandika kwenye shuka.

GLORIA: [analia] Na kwa nini hii kalamu ukanipa mimi?

BIBI LUSIA: Kila ulipokuja nilisema leo. Chai inaisha, unaondoka. Ulimi wangu mzito, mama. Nikaona labda yenyewe itasema.

[mlio wa salio]

GLORIA: Salio linaisha, Bibi. Sikuulizi kwa nini tena. Nakuuliza kile nilichokuuliza mwanzo, umenizungusha na mvua na mahindi. Jumamosi nitapanda gari. Niambie tu nishuke wapi. Baba yuko wapi?

BIBI LUSIA: Gloria...

GLORIA: Wapi, Bibi? Inakata!

BIBI LUSIA: Kila mwezi wa kumi na moja, siku ya marehemu wote, si nilikuwa nakupa jembe? Wenzako wanapalilia makaburi ya kwao, wewe nakutuma lile la pembeni, lisilo na jina. Ukaniuliza la nani. Nikasema la mgeni aliyefia njiani. Ukalipalilia vizuri, mama, kuliko yote. Ukapanda na maua. Yuko hapo.