Nilikwenda Uhispania Kujitolea

Shikamooni wazee. Wenzangu wa kikundi, poleni na jua.

Mwenyekiti wetu ameniambia nisimame niwaeleze nilivyoinuka. Nikamwambia, mama, mimi sijainuka. Nimekaa kitako tu, kwa sababu mwanzo nilikuwa nimelala chini kabisa. Akasema, hata hiyo sema. Basi ndiyo ninayokuja kusema. Wale mlioandaa vigelegele vya mwisho mnisamehe mapema.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye yule mwalimu wa kujitolea wa kule Masakta. Miaka mitatu nilishika darasa la kwanza bila ajira. Na ndugu zangu, nawaambia, hapa kwetu kujitolea maana yake inajulikana. Unaingia shuleni au zahanati, unafika wa kwanza, unaondoka wa mwisho, unaitikia kila unapotumwa, ili siku nafasi ikitoka waseme: huyu yupo, mchukueni huyu. Hakuna anayejitolea kwa sababu muda umemzidi. Nani hapa muda umemzidi? Anyooshe mkono.

Haya.

Mume wangu alifariki mtoto wetu ana miaka miwili. Wakwe zangu ni watu wa huko juu, Gitting, wakulima wazuri na watu wa kanisa. Sitawasema vibaya. Walikuja msibani, wakalia pamoja nami, na walipoondoka waliondoka na mtoto. Mama mkwe alisema mbele ya watu, "Wewe unajitolea, utamlisha nini? Ukipata ajira, njoo umchukue." Baba yangu, mzee wa ng'ombe asiyependa maneno mengi, akainamisha kichwa. Hakuna aliyebisha. Na mimi sikubisha, kwa sababu kwetu mkwe habishiwi.

Basi neno hilo nikalishika. Ukipata ajira. Nililala nalo na kuamka nalo. Kila nilichofanya tangu siku ile, hata cha kijinga, nilikifanya ili nimpate mtoto wangu.

Sasa siku moja akaja mama mmoja wa Kihispania kupanda mlima wetu. Mguu ukateguka, akakaa wiki nzima nyumba ya mapadre, nami nikaitwa kumtafsiria maana nina kile Kiingereza cha chuo. Tukazoeana. Alikuwa mama mcheshi, anacheka hata akiumia. Akaniambia yeye na mumewe wana nyumba ya wageni kijijini kwao, gesti ya mawe, na kila mwaka majira ya sikukuu za kijiji wageni hufurika. Akaondoka. Baada ya miezi kadhaa akaniandikia kwenye simu: njoo miezi mitatu, ujitolee kwetu, tiketi ni juu yetu, chumba na chakula juu yetu.

Kujitolea! Jamani, si ndiyo kazi yangu? Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi. Nikasema, Mungu amesikia, sasa natolewa kujitolea kwa Waswahili napelekwa kujitolea kwa wazungu, huko hawachelewi kuajiri. Mama pale nyuma, usinicheke. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nikapanda Gitting kuaga. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, nimepata kazi Ulaya." Sikusema kujitolea. Nilisema kazi. Mtoto alikuwa na miaka mitano wakati huo, anachambua maharage na bibi yake. Nikamshika mabega nikamwambia, "Nikirudi nakuchukua, tunakwenda kukaa wawili." Akaniuliza, "Kesho?" Nikasema karibu na kesho. Hilo ndilo jambo ninalolijutia kuliko yote nitakayowaambia leo.

Nikafika. Kijiji kidogo, nyumba za mawe, wazee watupu. Vijana wote wako mijini, wanarudi mwezi wa nane kwa ajili ya sikukuu. Mwenye gesti na mumewe walinipokea kwa mabusu mashavuni, mimi nimeinama nasubiri kusalimia kwa heshima, tukagongana vichwa. Wakanionyesha kazi: kutandika vitanda, kufua mashuka, kupiga pasi foronya, kuandaa chai ya asubuhi ya wageni. Wakasema saa tano kwa siku zinatosha, zinazobaki ni zangu.

Nikasema moyoni, huu ni mtihani. Wanataka kuona nani anatosheka na saa tano.

Nilikuwa natoka kitandani kabla yao. Nikimaliza mashuka naosha madirisha. Nikimaliza madirisha nang'oa magugu ya ua. Siku moja nilipanga kuni zao upya, zile kuni zilikuwa hazina kosa lolote. Yule mama alikuwa ananifuata, "Pumzika, tafadhali, nenda ukatembee mtoni." Nami nacheka, nasema asante mama, naendelea. Nikirudi nyuma ya nyumba najisemea, umeona, wanakupima.

Tulikuwa wawili wa kujitolea. Mwenzangu alikuwa binti wa Kizungu kutoka nchi nyingine, mwenye pete puani. Saa zake tano zikiisha anavua aproni, huyo mtoni kuogelea. Jioni anakunywa mvinyo na wageni. Nilimwonea huruma na pia nilifurahi. Nikasema, huyu nimeshamshinda, huyu haajiriwi huyu. Ndugu zangu, nilikuwa nashindana na mtu aliyekuja likizo, na mwenyewe hana habari kwamba kuna mashindano.

Sikukuu ikaanza. Mitaa imefungwa bendera za karatasi, matarumbeta, fataki mchana kweupe. Sanamu ya mtakatifu wao wakaibeba mabegani mtaa kwa mtaa, hapo nilijisikia nyumbani kidogo. Siku ya tatu wakazungushia barabara vizuizi vya mbao. Sikuuliza ni vya nini. Mimi na kuuliza tulikuwa hatujuani.

Jioni ile, jua bado kali, niko jikoni nasikia kelele. Natoka mlangoni, namwona mtamba mweusi amesimama mbele ya gesti, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka, na watu wamemzunguka wanampungia mashati. Mimi ni mtoto wa bondeni. Nilijua mambo mawili: mnyama katoroka zizini, na mnyama ana kiu. Kwetu ng'ombe akisimama mlangoni kwako na ulimi nje huulizi ni wa nani. Nilichukua beseni la kufulia, nikajaza maji, nikatoka nalo polepole, nikiongea naye kwa lugha ya mama yangu. Watu wakashusha mashati. Nikaweka beseni, nikarudi nyuma hatua tatu. Akanywa. Jamani alikunywa! Alipomaliza akaenda kwenye kivuli cha ukuta, akalala. Hakuinuka tena jioni ile.

Watu wakaanza kupiga miluzi. Mimi nikadhani wananishangilia, nikawapungia mkono. Kumbe kule miluzi ni kukuzomea. Ule ndio ulikuwa mchezo wenyewe, mtamba kukimbizana na vijana, wamengojea mwaka mzima, wengine wamesafiri kutwa nzima kuja kuuona, nami nimeulaza kwa beseni la maji. Mzee mmoja mwenye kitambaa chekundu shingoni alinishika kiwiko akanirudisha ndani kama anarudisha kuku. Yule mama wa gesti alikuwa mwekundu usoni, lakini akanikumbatia, akasema hakuna shida. Usiku huo sikula. Niliwaza jambo moja tu: nimefeli mtihani, mtoto wangu amebaki Gitting.

Basi wiki zilizobaki nilifanya kazi ya watu watatu ili nilipie kosa. Mpaka mikono ikachanika kwa sabuni.

Siku ya mwisho wakaandaa keki. Wageni wakapiga makofi, tukapiga picha, wakanipa fulana ya sikukuu yenye jina la kijiji chao. Yule mama analia, anasema mimi ni binti yake. Nikaona sasa ndiyo saa yenyewe. Nikajikaza, nikamwuliza, "Mama, nitaanza lini?"

Akasema, "Kuanza nini?"

"Kazi. Ile ya kuajiriwa."

Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama keki. Yule mama akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba hawajawahi kuajiri mtu, gesti ni yao wawili, wa kujitolea huja na kuondoka kila msimu, na Jumatatu wanaingia wengine. Kwao kujitolea ni kutembea, kuona dunia, kusaidia kidogo, kurudi kwenu. Akasema, "Nilidhani ulikuwa na furaha. Ulikuwa unacheka kila siku." Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia toka mwanzo.

Kweli, kwa nini sikumwambia? Maana nililelewa kwamba mtu mzima haulizwi utanipa nini. Unafanya kazi, anakuona, anakukumbuka. Miaka mitatu Masakta sikuuliza. Msibani sikuuliza. Hawakunidanganya wale. Hata leo siwezi kuwakasirikia, na laiti ningeweza, maana hasira ingenipa nguvu kuliko aibu.

Nikarudi. Basi la Singida likanishusha hapa Katesh na begi langu na fulana. Gitting naiona kule juu, sikupanda. Nilikwenda kwa mama yangu bondeni, nikaingia ndani, nikalala kitandani uso ukutani. Kwa wiki nyingi. Nisiwafiche, nilitamani nisiamke. Mama alinipa uji, nikaacha ukapoa. Nilikuwa nasikia neno moja tu masikioni, "Kesho?" na sauti ni ya mtoto wangu.

Dada mmoja wa kikundi hiki alisikia nimerudi. Yupo hapa, simtaji, ameshaanza kuangalia chini. Alikuja akaketi kwenye kigoda pembeni ya kitanda changu, akafuma sweta lake, akaondoka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu au ya nne ndipo akaniuliza, "Hivi wale wa Gitting umewauliza?"

"Nimewauliza nini?"

"Wanataka nini hasa ili wakupe mtoto."

Nikamwambia walishasema, ajira. Akasema, "Walisema msibani. Maneno ya msibani. Wewe umewauliza?"

Nilimchukia siku mbili. Ya tatu nikaoga, nikapanda Gitting.

Nilimkuta mama mkwe anapepeta ngano. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia kila kitu, beseni na yote. Kisha nikauliza, "Mama, nikipata ajira kesho, mtanipa mtoto?"

Alipepeta mpaka pumba zikaisha kwenye ungo. Akasema, "Hapana."

Akasema, "Yule ndiye aliyebaki wa mwanangu. Hata ukiajiriwa ikulu, simtoi." Akaanza kulia, mama wa watu, pumba zimejaa mapajani. Nami nikalia. Nilichosafiria mpaka Uhispania hakikuwahi kuwepo. Kama ningeuliza siku ya msiba ningepata jibu lilelile, na ningekuwa sijamwahidi mtoto chochote.

Hapo ndipo palikuwa mwisho wa kuanguka kwangu, kama mnatafuta pa kupiga makofi. Siyo kwamba nilipanda. Niligusa chini, basi. Na nikiwa pale chini nikauliza la pili: "Basi naweza kuja kumwona?" Akajifuta uso. "Njoo Jumamosi," akasema. "Nani alikukataza?"

Nani alinikataza!

Sasa hivi nafanya kazi kwenye gesti hapa mjini, nafua mashuka na kupiga pasi. Siku ya kwanza nilimwuliza mwenye gesti mbele ya watu, "Mnaniajiri au najitolea?" Akacheka, akasema unaajiriwa dada, kwani vipi. Najua wengine mtasema niende ustawi wa jamii nikamdai mtoto kwa sheria. Nafikiria. Halafu namwona bibi yake na ule ungo, na namwona mtoto anavutwa mkono huku na mkono huku, nashindwa. Labda nitakwenda. Leo sina nguvu hiyo, na nisingesimama hapa niwadanganye.

Nawashukuru kwa kigoda, kwa kunisikiliza. Wewe dada wa sweta, Mungu akulipe. Na kama mna binti anayejitolea mahali, mwambieni aulize leo, aulize wakati bado jibu linaweza kumsaidia. Heshima haiondoki kwa kuuliza. Mimi ilinigharimu mtoto kulijua hilo.

Jumamosi ya kwanza mtoto alinipa shikamoo kwa mikono miwili, akakimbilia nyuma ya bibi yake. Hakuuliza kuhusu kesho. Ya pili vilevile. Nimepanda Jumamosi nyingi sasa, tunachambua maharage watatu, hatusemi mengi. Hajaniita mama, na simwombi aniite. Lakini juzi niliposukuma lango alikuwa uani, akaniona, akageuka akakimbia ndani akiita kwa nguvu, "Bibi! Bibi! Mgeni wangu amekuja!"