Pazia la Chatu Anayeatamia

Mwanamke aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa akishona pindo la pazia jeusi kwa mkono. Alimweleza abiria wa pembeni yake, mfuga kuku, kwamba ni la kufunikia kizimba cha chatu wake aliyetaga jana, aatamie bila kusumbuliwa.

"Umwachie nyoka mayai, dada?" mfuga kuku aliuliza kana kwamba kaibiwa yeye. "Miezi miwili hali kitu. Atabaki kamba. Mashine za kutotolea zimejaa tele."

"Kwani mkeo alinenepa aliponyonyesha?"

"Mke wangu hakufungiwa kizimbani, dada."

Hapo nilikubaliana na mfuga kuku, kimoyomoyo.

"Mwaka jana mume wangu aliyatia mashineni," mwanamke alisema, sindano ikienda kasi. "Chatu akajiviringisha palepale, akaatamia sakafu tupu. Na leo mashine imeshawashwa tena."

"Mayai yaliharibika?"

"Yote yalitoa watoto."

"Sasa ugomvi wako nini?"

"Ugomvi wangu ni ile sakafu."

Basi likasimama. Pindo lilikuwa nusu. Akachomeka sindano kitambaani, akasema atamalizia kesho. Leo atalitundika pazia hivyohivyo kabla mume hajarudi kuyachukua mayai.

"Utamuua kwa njaa," mfuga kuku alisema, akikunja miguu ampishe.