Pikapu ya Fundi Simama

Wasikilizaji wapendwa, marehemu akiacha wasia unaopingana na alichokifundisha maisha yake yote, walio hai washike kipi? Swali hili limenikaa moyoni tangu juzi, alipozikwa fundi mmoja wa breki.

Watu walimwita Fundi Simama. Alikuwa fundi wa breki, na breki tu, kwa miaka thelathini na minane. Mteja akijisifu kuwa gari lake lina mbio, alimjibu, "Kwenda kila gari linajua. Nionyeshe linavyosimama."

Ukali wake ulikuwa na chanzo. Mjane wake anasimulia kwamba katika ujana wake fundi alimimina mafuta ya breki kutoka kopo lililokaa wazi msimu mzima wa mvua. Mafuta yale hufyonza unyevu wa hewani. Kwenye mteremko yalichemka, pedali ikazama, na mteja akavunjika mguu. "Alimpelekea chai hospitalini kila asubuhi," anasema mjane, "mpaka yule mtu akamwambia, yatosha, fundi, nimekwisha kukusamehe." Tangu hapo, kopo lililofunguliwa halikulala karakanani.

Mwanafunzi wake pekee alikuwa binti yake. Kabla ya kushika spana, binti alifundishwa kusoma mfuniko wa chombo cha mafuta ya breki, kwa maana ndipo gari la zamani linaposema linataka nini. Mfuniko wa pikapu ya baba yake, iliyomzidi binti umri, ulisema Dot 3, yaani aina ya mafuta inayoitaka.

"Namba si cheo," fundi alimwambia. "Tatu na nne ni ndugu. Tano ni ukoo mwingine. Usiwachanganye, breki zitakukana mteremkoni."

Alipougua, fundi aliomba jambo moja. Pikapu yake impeleke makaburini. Jambo hilo moja tu.

Asubuhi ya mazishi, binti alifungua boneti aikague. Ndani ya chombo, mafuta ya manjano yalikuwa chini, na juu yake yameelea mafuta ya zambarau. Yamekataana. Akauliza nani ameongeza. Baba yake mdogo akajitokeza, kopo mkononi, macho mekundu kwa kilio.

"Yalikuwa yamepungua, mwanangu. Nikanunua tano, namba kubwa kuliko zote dukani. Kaka yangu hakustahili tatu."

Wasikilizaji wapendwa, angelaumiwa vipi mtu kama huyo? Binti alimshika bega. Kuosha mfumo mzima na kubadili mipira yake ni kazi ya siku nzima. Mazishi yalikuwa saa nane. Makaburi yako chini ya mteremko mrefu.

Shangazi alisema wasia wa maiti hauvunjwi kwa kikombe cha mafuta, waende polepole, kwani nani anakimbilia kaburini? Wazee wakaafiki. Binti akaingia ndani ya pikapu, akakanyaga pedali. Ilikuwa ngumu bado, na hilo ndilo lililomtesa: pengine ingeshika. Pengine angemtimizia baba yake neno lake la mwisho, na pasitokee lolote. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Kwa mjane, kwa binti, kwa shangazi, na kwa baba mdogo aliyekosea kwa mapenzi, tunatoa pole zetu zote. Nawe unayetusikiliza, tafakari: ni mara ngapi tumempa tumpendaye kilicho ghali, bila kuuliza kinachomfaa?

Binti alishuka, akafunga boneti, akasimama mbele ya waombolezaji.

"Pikapu ya baba haitoki leo," aliwaambia. "Jeneza litapanda lori la jirani. Wasia nimeuvunja mimi, si baba mdogo. Mwenye neno aniambie mimi."