Mwethya wa Serikali

Ndani ya basi, Kaveke aliona kwanza vidole vya mama aliyeketi mbele yake: viling'aa kwa mafuta. Wazee waliosuguliwa vidole na jembe hujipaka hivyo, mashine ya pesa za wazee isikatae alama zao za vidole.

Basi la Kibwezi lilikuwa nusu tupu. Mzee wa kiti cha pili aliuliza, ingawa hawakujuana, "Mama, umepata?"

"Mashine imenisoma vizuri. Akaunti ndiyo haina kitu, mwezi wa tatu sasa."

"Wafadhili wamerudi kwao," mzee alisema, kama anayetangaza mvua imekatika. "Serikali ilizoea kula kwa jirani."

"Basi ifanye mwethya kama sisi. Kila mtu analeta jembe lake, shamba moja linalimwa. Kila mwenye mshahara akatwe kidogo, pesa hizo ziwe za wazee tu."

"Vijana wamekatwa hadi mfupa, mama. Hata wewe ukinunua sukari umetozwa. Jembe tulishaleta, tuonyeshwe shamba."

"Lakini kwa mwethya, asiyeweza kulima hutuma mtu wa nyumbani kwake, na kazi haisimami."

"Na serikali itamtuma nani?"

Basi lilisimama Kibwezi. Waliagana kwa heshima, kila mmoja na msimamo wake.

Kaveke alichelewa kushuka. Pesa za uzee za nyanyake ziliposimama mara ya kwanza, alikuwa darasa la sita. Alitolewa shule akachotee watu maji kwa malipo, ili nyanya ale. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote: serikali iliposhindwa kulima, aliyetumwa alikuwa yeye.